Kalamu na Mafunjo: Safari ya Kisumu



Anayetoka Mombasa kwenda Kisumu huiacha bahari nyuma, akapanda, akashuka, na mwisho wa safari akakutana na maji tena, ila maji haya hayana chumvi, nayo yako zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari yetu. Reli ilifika hapo Desemba 1901, mji ukaitwa Port Florence. Lakini Uislamu haukuingojea reli katika nchi zile: wafanyabiashara wa pwani walikwisha fika Mumias, na Nabongo Mumia mwenyewe akasilimu. Leo Kisumu ina Msikiti wa Jamia uliojengwa mwaka 1919, na ng'ambo ya ghuba, Kendu Bay, wako Waislamu wa tangu zamani.

Ufukweni Dunga huota mafunjo marefu, ambayo watu hukata wakasuka mikeka na vikapu. Maji ya ziwa hili hutoka Jinja yakaingia mto Naili mpaka Misri, na huko mafunjo ya jinsi hii hii ndiyo yaliyofanywa karatasi tangu enzi za Mafirauni. Hata nyaraka za Waislamu wa karne za mwanzo huko Misri ziliandikwa juu ya mafunjo. Nilipoyaona yakiyumba kwa upepo, nilikumbuka kwamba katika aya za kwanza kabisa alizoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) imetajwa kalamu.

Jioni niliketi katika chuo kimoja mjini, watoto wa miaka mitano hadi saba wakiandika. Asubuhi watoto hao huwa shuleni wakiandika a, b, d kutoka kushoto. Alasiri huja chuoni wakaandika alifu, bee, tee kutoka kulia. Mama mmoja alimwambia mwalimu, mbele yangu, kwamba anataka kumtoa bintiye chuoni hadi akue kidogo. Mtoto alikuwa ameandika jina lake kinyume katika daftari la shule, na kila b akaigeuza d. Amechanganyikiwa, akasema mama, na shuleni anachekwa.

Hofu hiyo si ndogo, maana wako watoto wanaokosa elimu ya dini kwa sababu yake. Mwalimu alimjibu kwa upole. Akachukua kikombe, akakigeuza mkono kulia, kisha kushoto. "Hiki ni nini?" Kikombe. "Na sasa?" Kikombe. Tangu azaliwe, mtoto amejua kwamba kitu kikigeuzwa hubaki kile kile. Herufi peke yake huvunja kanuni hiyo, na akili changa huhitaji muda kuizoea. Ndiyo maana hata watoto wasioona herufi za Kiarabu kabisa hugeuza b na d mpaka miaka saba hivi. Si ukaidi, wala si kosa la chuo.

Kisha nikatazama anavyofundisha. Kila lugha ina daftari lake. Katika la Kiarabu, nukta nyekundu huwekwa kulia pa kuanzia. Katika la shule, kushoto. Kabla ya penseli, mtoto huchora herufi hewani kwa mkono mzima, kisha kwa kidole katika sinia la mchanga, huku akiitamka. Bee, tee na thee hufunzwa pamoja, kwa kuwa umbo ni moja: kwanza mwili, nukta baadaye. Vivyo hivyo c, a, d na g hufuatana, kwani zote huanza kwa mpindo ule ule.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa herufi inasomeka, kuna haja gani ya kujali ilikoanzia? Haja ipo. Anayeianza o kutoka chini huiweza leo, lakini atakapotakiwa kuandika upesi mkono utamkwama. Na herufi za Kiarabu hushikana mikono, isipokuwa sita, yaani alifu, dali, dhali, ree, zee na wau, ambazo hupokea mkono wa jirani wa nyuma wala hazimpi wa mbele. Asiyeujua mwendo wa kalamu hajui wapi pa kuunga na wapi pa kuacha. Samaki mkunje angali mbichi.

Akina mama, kazi hii ni yenu tangu zamani. Aliyemfundisha Bibi Hafsa, mke wa Mtume (S.A.W.), kuandika alikuwa mwanamke, Shifaa binti Abdillah. Katika pwani yetu, waandishi wa Siyu walinakili misahafu kwa mkono, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, alitumia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nyumba ngapi leo zina barua za bibi sandukuni ambazo hakuna mjukuu awezaye kuzisoma?

Basi tuanze nyumbani. Dakika kumi kwa siku zatosha. Mpe mtoto kipande kifupi cha chaki au penseli, kwani kifupi humlazimu kukishika kwa vidole vitatu badala ya kukikamata kwa ngumi. Akikosea, usifute, mwonyeshe pa kuanzia, aandike tena. Tumfunze kula kwa mkono wa kulia kama ilivyo adabu yetu. Ama kalamu, ikiwa nguvu zake ziko mkono wa kushoto, asipigwe. Ainamishiwe daftari kidogo tu. Fimbo humfundisha mtoto kuichukia kalamu.

Yule mama hakuahidi kitu. Alimshika bintiye mkono, akauliza tu nukta nyekundu huwekwa wapi, akaondoka.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.