Nilipima Mteremko, Nikauita Mvujo

Nyanya mmoja alikaa miezi mitatu bila kuwasha jiko lake la bayogesi kwa sababu yangu. Niliporudi kwake nilimkuta ameinama mekoni akipuliza kuni mbichi za mkaratusi, macho yamemwiva kwa moshi.

Nilikuwa nimeajiriwa kuzunguka vijiji vya Nyamarambe na kifaa cha leza cha kushika mkononi, nikitafuta methani inayovuja kwenye mitambo ya bayogesi. Gesi ya samadi huwa na methani ya asilimia 50 hadi 70 hivi. Methani hiyo ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kuilipua. Nililijua hilo vizuri.

Kifaa chenyewe hutoa mwanga wa takriban nanometa 1653, ambao jicho haliuoni. Molekuli za methani huumeza mwanga huo, ilhali mvuke wa maji na kaboni dioksidi karibu haviugusi. Mwanga hugonga ukuta au ardhi, chembe yake hurudi, na kifaa hukokotoa kiasi kilichomezwa njiani. Mizeck Chagunda, mtaalamu wa mifugo kutoka Malawi, na wenzake wa Scotland walichapisha mwaka 2009 jinsi walivyotumia kifaa cha aina hii kupima methani katika pumzi za ng'ombe wa maziwa. Mafunzoni nilisimuliwa habari hiyo nikajivunia, Mwafrika kutajwa mwanzoni mwa somo.

Sasa nifike kwenye kosa. Kifaa hakijui methani imekaa wapi kati yako na ukuta. Hujumlisha yote iliyo njiani, kwa hiyo namba yake si sehemu kwa milioni, ni sehemu kwa milioni mara mita. Hewa ya kawaida ya dunia hii ina takriban sehemu 1.9 za methani kwa kila milioni. Simama mita 40 kutoka ukutani, utasoma kama 76 hata pasipo na kinachovuja. Hesabu hiyo ilikuwa kwenye mtihani wa mafunzo, na niliipata.

Anayeijua Nyamarambe anajua boma zetu zinavyoning'inia mteremkoni, barabara juu, mtambo chini nyuma ya migomba na majani ya nepia. Alasiri mvua hunyesha na udongo mwekundu huteleza. Nikawa nasimama barabarani, naelekeza leza kule chini, nabonyeza, naandika. Chochote kilichopita 50 nilikiita mvujo. Umbali sikuuandika.

Kwa nyanya nilisoma 80. Nilimwita akapanda hadi barabarani, nikamwambia afunge valvu. Akasema, "Mwanangu, hata ile harufu ya mayai viza sijawahi kuisikia." Nikamjibu kwamba mashine inanusa kuliko pua. Yeye, aliyelala na kuamka karibu na mtambo ule miaka yote, alikuwa na ushahidi. Mimi nilikuwa na namba nisiyoielewa, na nikaitumia kumnyamazisha.

Niligundua nilipokuwa nanakili fomu kwenye kompyuta. Boma zote nilizoziandika kuwa zinavuja nilizikumbuka kwa kitu kimoja: ziko mbali na barabara. Zile "salama" zote zilikuwa kando ya njia. Mwili ulinipoa, kwa maana nilikumbuka boma moja ambako nilisimama mita mbili tu kutoka kwenye bomba la jikoni, nikasoma 31, nikaandika salama. Kwa mita mbili nilipaswa kusoma kama 4.

Nilikimbilia huko kwanza. Safari hii nilipita Tabaka kwa wachongaji nikaomba kipande bapa cha jiwe la sabuni ambacho hakijang'arishwa. Leza inataka uso mkavu unaotawanya mwanga. Bati jipya huurusha pembeni kama kioo, na jani la mgomba lililolowa hurudisha mwanga hafifu. Nilimpa baba wa boma lile jiwe alishike nyuma ya bomba, nikasimama mita moja kutoka kwake. Kwenye kiungo kilicho chini ya dirisha namba ilipanda hadi 140. Mtoto wake alikuwa amezoea kusomea papo hapo jioni, koroboi mezani. Baba yule alifunga valvu bila kusema neno, akamtoa mtoto nje. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeandika salama. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni nyumba ngapi nyingine.

Sikuweza kumjibu. Ningekuwa nimeandika umbali, ningekaa usiku mmoja na kalamu nikasahihisha kila fomu. Bila umbali namba zile hazina maana yoyote, haziokoleki. Nilimweleza msimamizi, nikaomba fomu zangu zote zifutwe, nikaanza upya kwa miguu, na jiwe mkobani na futi kamba mfukoni.

Kwa nyanya niliteremka hadi kwenye mtambo. Alishika jiwe mwenyewe, nikapima kila kiungo kwa mita moja: 2, 2, 3, 2. Nikamwonyesha kioo cha kifaa, nikamweleza mita zile 40 na kwa nini nilizipuuza. Alinyamaza, akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Kwa hiyo niwashe?"

"Washa, nyanya. Na unisamehe."

Akafungua valvu kwanza. La pili hakulijibu siku hiyo.