Tsoka na Dzaleka: Saa za Kutazama, Saa za Kusikiliza

Katika mji wa kale wa Lilongwe, karibu na mto ulioupa mji huo jina lake, lipo soko la Tsoka. Neno hilo kwa Kichewa lina maana ya mkosi, lakini wanunuzi hawaliogopi. Humo huuzwa nguo za mitumba, ambazo wenyeji huziita kaunjika, na viatu, na vyombo vya umeme vilivyokwisha kutumika. Kilomita zipatazo 45 kuelekea kaskazini, katika Wilaya ya Dowa, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Jina hilo nalo si jepesi: hufasiriwa kuwa kauli ya mtu aliyetiwa adabu, akiapa kwamba hatarudia tena.

Asili ya jina hilo ni gereza. Zama za utawala wa Dakta Hastings Kamuzu Banda, Dzaleka palikuwa mahali pa kufungwa wapinzani wa siasa. Mwaka 1994, utawala huo ulipokoma kwa kura ya vyama vingi, mahali hapo palifunguliwa kwa wakimbizi. Kambi ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo imepita 50,000. Wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kwa hiyo msafiri wa Afrika Mashariki afikapo sokoni Dzaleka husikia Kiswahili kikinadi maharage, dagaa na vitenge, kana kwamba yuko Uvira au Kigoma.

Jambo moja katika habari za Dakta Banda lastahili kukumbukwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwa tabibu mjini London, hata alipohamia Gold Coast, Ghana ya leo, mwaka 1953. Miaka hiyo ndiyo televisheni ya BBC, iliyofungwa wakati wa vita, ilipofunguliwa tena Juni 1946, na tarehe 2 Juni 1953 watu zaidi ya milioni 20 wa Uingereza walitazama Malkia Elizabeth wa Pili akivishwa taji. Wengi walikuwa wamejazana katika nyumba za jirani.

Siku ya televisheni ya Uingereza wakati huo ilikuwa na mpango wake kama siku ya nyumba yenye taratibu. Hadi Septemba 1955 chombo kilikuwa kimoja tu, nacho kiliendeshwa kwa ada ya leseni iliyolipwa na watazamaji. Alasiri palikuwa na vipindi vya akina mama, pamoja na vikaragosi kwa watoto wadogo. Kisha, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 1 usiku, kioo kilinyamaza kabisa, ili wazazi wapate kuwalaza watoto bila ugomvi. Desturi hiyo iliondolewa Februari 1957. Usiku palifuata habari, michezo ya kuigiza na mazungumzo. Kabla ya usiku wa manane ulipigwa wimbo wa taifa, na matangazo yakafungwa.

Malawi ilipata uhuru mwaka 1964, na kwa miaka yote ya utawala wa Dakta Banda haikuwa na kituo cha televisheni. Wananchi walikuwa na redio ya taifa, yenye sauti ya Serikali peke yake. Mtu aliyekuwa amefungwa Dzaleka hakuweza kutazamia kusikia habari zake mwenyewe katika redio hiyo. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1999, miaka mitano baada ya Dzaleka kuwa kambi.

Leo saa za Dzaleka zina mpangilio wake. Kuna redio iitwayo Yetu, inayoendeshwa na wakimbizi wenyewe pamoja na wenyeji wa jirani. Hutumia Kiswahili na Kichewa miongoni mwa lugha zake. Mama anayepika huweza kusikia tangazo la afya au la mgao wa chakula kwa lugha anayoielewa. Jioni vijana huenda kwenye vibanda vya video kutazama mpira wa Ulaya, na kelele za goli husikika hadi kwa wasiokuwa na kiingilio.

Mawimbi ya redio hupita mpaka wa kambi pasipo kuzuiwa. Binadamu hana ruhusa hiyo. Malawi ilipoingia katika Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti juu ya haki za kutembea na kufanya kazi. Kwa miaka mingi, hata hivyo, wakimbizi kadhaa walifungua maduka Lilongwe na kwingineko. Machi 2023 Serikali iliwaagiza warudi kambini, na Mei polisi walianza kuwaondoa mijini. Watoto walikatizwa masomo na maduka yakafungwa. Tangu hapo njia ya kutoka Tsoka hadi Dzaleka, ambayo kwa basi ni safari fupi, imekuwa ndefu kwa wale waliokuwa wakinunua mjini na kuuza kambini.

Hata hivyo njia hiyo hupitwa pia na watu wanaokwenda Dzaleka kwa hiari yao. Mwaka 2014 Menes La Plume, mshairi kutoka Kongo aliyekuwa mkimbizi hapo, alianzisha Tamasha la Tumaini ndani ya kambi. Wageni huja kutoka Lilongwe na nchi za nje, na baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi, wakila walacho wenyeji wao. Kwa siku hizo chache, watu wa mjini ndio wanaofunga safari kwenda kutazama na kusikiliza, na wakazi wa lililokuwa gereza ndio wanaopanga vipindi vya siku.