Ulizeni Ufunguo Anao Nani

Wajukuu wangu,

Umri umekwenda. Nyumba hii ya Mji wa Kale wa Mombasa mtaigawana kwa sharia, mbele ya Kadhi, bila ugomvi inshallah. Wosia wangu ni wa jambo jingine. Nawasikia barazani baada ya Isha mkibishana: mmoja asema Pwani si Kenya, mwingine ataka Afrika Mashariki iwe dola moja, wa tatu asema kaunti zatosha. Kabla hamjachagua upande, ulizeni: mkataba wa mpango mnaoutaka, nani aweza kuubadilisha bila nyinyi?

Nilipokuwa mtoto bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ilikuwa ikipepea Ngomeni, Fort Jesus. Ukanda wa pwani wa maili kumi, yaani Mwambao, ulikuwa wake. Waingereza waliukodi tangu 1895. Mwaka 1961 akaja Sir James Robertson kusikiliza watu, na mji ukagawanyika: kuna waliotaka Mwambao ujitawale na waliotaka uungane na Kenya. Akapendekeza kuungana. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Unguja, wakaahidiana kwa maandishi kwamba mahakama za Kadhi zitabaki na hati za ardhi zitaheshimiwa. Mahakama ya Kadhi ingalipo, na katiba ya leo inaitaja katika kifungu cha 170.

Lakini yaliyoyapata majimbo ndiyo nitakayo myashike. Ronald Ngala na chama chake cha KADU waliyapigania, na katiba ya uhuru ikatupa bunge la jimbo na Seneti. Vifungu vilivyolinda majimbo vilifungwa kufuli kubwa: kuvigusa kulihitaji asilimia 90 ya kura za Seneti. Tulidhani tumesalimika. Hakuna risasi iliyolia. Serikali kuu iliyabana majimbo kwa fedha na madaraka, wabunge wa KADU wakavuka mmoja mmoja kwenda upande wa serikali, na Novemba 1964 chama chenyewe kikajivunja. Mwaka 1965 kiwango cha kubadilisha katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Mwaka 1966 Seneti ikafutwa. Katika yote hayo, mvuvi wa hapa Mombasa na mkulima wa Kilifi hawakuitwa hata mara moja kupiga kura ya ndiyo au la. Ufunguo walikuwa nao wabunge peke yao.

Wengine yaliwafika makubwa kuliko yetu. Eritrea iliunganishwa na Ethiopia kwa shirikisho mwaka 1952. Miaka kumi baadaye Haile Selassie akalifuta, na vita havikwisha hadi 1991. Uganda ilipata uhuru 1962 Buganda ikiwa na madaraka yake; mwaka 1966 jeshi likavamia Lubiri, kasri ya mfalme wake, Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Unguja na Pemba, katika Muungano wa Tanzania, wamebaki na Rais wao na Baraza lao la Wawakilishi, lakini mambo ya Muungano yaliyoanza 11 mwaka 1964 sasa ni 22, na manung'uniko juu ya orodha hiyo hayajaisha.

Mnaokwenda Dubai kutafuta riziki mmeona namna nyingine. Katika muungano ule wa 1971 kila imarati ina mafuta yake yenyewe; ya Abu Dhabi ni ya Abu Dhabi. Sisi tuna bandari ya Kilindini, na ushuru wa forodha wote huenda Hazina ya taifa. Lori la kontena likipita Changamwe linatuachia moshi na mashimo barabarani. Kaunti hukusanya kodi ya ardhi, leseni na ada za maegesho, kisha hungoja mgao, ambao katiba yasema kwa kaunti zote 47 usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mimi naona ni haki mji wenye bandari udai zaidi, na mdai bila woga. Lakini msiige kila kitu cha kule. Muungano wao ni wa watawala wenye kukubaliana wao kwa wao; raia hapigi kura ya kuubadilisha mkataba.

Shirikisho la Afrika Mashariki nalitamani. Kenyatta, Nyerere na Obote walituahidi Juni 1963 kwamba lingekuwepo kabla ya mwaka kwisha, na sisi wa pwani tuna ndugu toka Barawa hadi Kilwa. Likija, lisomeni kwanza kifungu cha mabadiliko, ndipo mshangilie.

Na hiki tulicho nacho kishikeni. Katiba ya 2010, kifungu cha 255, yasema muundo wa ugatuzi haubadilishwi ila kwa kura ya maoni: wengi wakubali, na katika angalau nusu ya kaunti wajitokeze asilimia 20 ya waliojiandikisha. Safari hii ufunguo mmeushika nyinyi. Nimesikia kuna miongoni mwenu ambaye hajawahi kujiandikisha. Nendeni kwa tume ya uchaguzi wiki hii, na dada zenu mwende nao.