Vita Havihesabiwi kwa Mizinga: Ziara ya Nyumba ya Khalifa, Omdurman



Khartoum ni mji wa makutano ya mito miwili, Nile Nyeupe na Nile ya Buluu, na ng'ambo yake ya magharibi ndipo ulipo Omdurman. Vijana wengi wa pwani yetu wamepita huko kutafuta elimu ya dini na lugha ya Kiarabu, nami nilikuwa miongoni mwao. Katika siku za mapumziko tulivuka daraja kwenda Omdurman, na huko ndiko nilikoizuru Bayt al-Khalifa, nyumba iliyojengwa mwaka 1887 kuwa makaazi ya Khalifa Abdullahi. Tangu mwaka 1928 nyumba hiyo ni makumbusho ya zama za Mahdi na vita vyake.

Asili ya vita hivyo ni dhuluma. Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa ndiye Mahdi, akawaongoza watu wa Sudan waliochoshwa na kodi na mabavu ya utawala wa Waturuki na Wamisri. Tarehe 26 Januari 1885 wafuasi wake, walioitwa Ansari, waliiteka Khartoum, na Jenerali Gordon wa Uingereza akauawa. Haikutimia miezi mitano Mahdi naye akafariki kwa maradhi, na Khalifa Abdullahi akashika hatamu za dola.

Mwenye kuingia katika nyumba ile wakati huo alikutana na panga, mikuki, ngao, deraya za chuma, bendera na bunduki. Wageni wengi, hususan vijana, walikuwa wakisimama kwenye silaha. Mimi kilichonisimamisha ni jibba, yaani vazi la Ansari. Ni kanzu fupi ya pamba, pana, iliyoshonewa viraka vya rangi. Mwanzo viraka vile vilikuwa viraka kweli, alama ya ufukara na kuipa dunia kisogo. Baadaye vikawa sare ya jeshi, vikikatwa kwa vipimo na kupangwa kwa ulinganifu. Kila kiraka kina mishono midogo midogo, na nyuma ya kila mshono kuna mkono wa mtu aliyeketi akashona, akijua kwamba atakayelivaa vazi lile anakwenda vitani. Jina la mshonaji halikuandikwa popote.

Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 2 Septemba 1898, wanaume wapatao 50,000 waliovaa majibba hayo walitoka kukabiliana na jeshi la Kitchener katika uwanda wa Karari, kaskazini ya Omdurman. Jeshi lile halikuwa la Waingereza peke yao. Sehemu kubwa yake ilikuwa askari wa Kimisri na wa Kisudan, Waislamu kama wale waliokuwa mbele yao. Walikuwa na mizinga, manuwari katika mto Nile, na bunduki za Maxim zenye uwezo wa kutoa risasi 600 kwa dakika moja. Kabla ya adhuhuri mambo yalikuwa yamekwisha. Ansari waliouawa walikaribia 10,000 au kuzidi, na maelfu wengine walijeruhiwa. Upande wa Kitchener hawakufika 50 waliokufa.

Ushujaa wa watu wale hauna shaka. Hata maadui zao waliushuhudia. Lakini ushujaa hauzuii risasi. Kuba la kaburi la Mahdi, lililo jirani na nyumba ya Khalifa, lilipigwa mizinga, kisha Kitchener akaamuru kaburi lenyewe libomolewe na mifupa itupwe mtoni. Kuba linaloonekana leo lilijengwa upya mwaka 1947. Khalifa mwenyewe aliuawa mwezi Novemba 1899, huko Umm Diwaykarat.

Mama zangu na dada zangu, hesabu ya vita katika vitabu ni ya askari na bunduki. Sisi Waislamu tunayo hesabu nyingine. Kila mume aliyeuawa Karari aliacha eda ya miezi minne na siku kumi. Kila baba aliacha mayatima, na kila mwana aliacha mama. Wapangeni wafu wale 10,000 kwa hesabu hiyo, mtaona kwamba uwanja wa Karari haukuishia Karari, bali uliingia katika kila nyumba ya Omdurman. Ndiyo maana Mtume wetu (s.a.w.) alitufunza tusitamani kukutana na adui, bali tumuombe Mwenyezi Mungu amani, na tukilazimika basi tusubiri. Na alikataza kuuawa kwa wanawake na watoto.

Wahenga walisema vita havina macho. Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, vita viliripuka tena Khartoum, na safari hii ni baina ya majeshi mawili ya Wasudani wenyewe. Omdurman ya kale, ilipo nyumba ya Khalifa, ikawa uwanja wa mapigano. Makumbusho ya Taifa mjini Khartoum yaliporwa. Mamilioni ya watu walihama makwao, na wanafunzi wa Kenya waliokuwa huko wakarejeshwa nyumbani, wengine wakiacha vitabu vyao nyuma. Mji uliohifadhi kumbukumbu za vita umeliwa na vita. Kuhifadhi silaha katika makabati ya vioo hakutoshi kuwafunza watu, ikiwa nyoyo hazikuzingatia.

Nasi tunayo makumbusho yetu ya vita hapa Mombasa, Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo jeshi la Oman liliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Watoto wetu hupelekwa huko na shule zao, na wakirudi nyumbani husimulia mizinga. Waulizeni jambo moja zaidi: katika miaka ile ya mzingiro, nani aliyekuwa akipika, nani aliyekuwa akiuguza, na nani aliyezika? Mtoto aliyezoezwa kuuliza hivyo hatadanganyika upesi na anayempambia vita.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awarejeshee ndugu zetu wa Sudan amani katika nyumba zao, na azihifadhi nyumba zetu na fitna. Amin.