Kutoka Mpanda Hadi Tabora: Safari ya Kurejesha Haki

Tumezoea kuwapeleka watoto Sitalike kutazama viboko wa Mto Katuma. Safari hii, siku za mapumziko tuliwapandisha garimoshi la kwenda Tabora. Tawi hili la reli, litokalo Kaliua, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Mimi lilinibebea mzigo mwingine: hati ya fungu la dada yangu katika shamba la marehemu baba, niliyoikalia miaka mitatu.

Njia ni miombo na mizinga ya nyuki. Tulipovuka Mto Ugalla, binti yangu aliuliza, “Baba, mbona shangazi hatumjui?” Nilinyamaza. Alasiri tuliswali rakaa mbili, kwa rukhsa ya msafiri, nami nikamwomba Mola ujasiri.

Tabora tuliwaonyesha watoto miembe mikongwe, na kule Kwihara nyumba ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, enzi za misafara ya pembe na watumwa.

Jioni tukabisha hodi. Dada aliipokea hati, akaisoma, akailaza juu ya meza. “Karibuni, chakula kitapoa,” alisema, akawavuta watoto kifuani.

Ndugu msomaji, nawe upatapo siku mbili za mapumziko, usiulize tu wapi utapumzisha mwili. Tazama kwanza haki ya nani ingali nyumbani kwako.