Kwa mjukuu anayehamia Kampala: picha za nyanya yake

Picha za magome ya mgomba alizoziacha marehemu ni mali ya ukoo mzima. Habari zimefika kwetu Kadutu, Bukavu, kwamba mjukuu anayehamia Kampala amekwisha kupatana bei na mnunuzi. Ikiwa ni uzushi, mzee aliyemuoa msanii huyo atafurahi. Ikiwa ni kweli, barua hii isomwe kabla pesa hazijapokelewa.

Marehemu alizaliwa Bukavu ikiwa bado inaitwa Costermansville. Aliolewa kwa ng'ombe wawili, ambao ndugu zake hadi leo wanasema hawakutosha, ingawa waliwala. Mchana aliuza samaki wadogo waitwao sambaza sokoni. Usiku, watoto wakishalala, alikaa na wembe wake. Hakusomea sanaa popote.

Gome la mgomba likikauka huwa na rangi zake lenyewe: la nje ni kahawia iliyoiva, la ndani ni jeupe lenye umanjano. Alilinyoosha kwa pasi, akalikata, akalibandika kwa gundi juu ya karatasi ngumu. Rangi ya dukani hakuitia kamwe. Katika picha yake ya ziwa Kivu, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, na taa zake ni vipande vya gome la ndani kabisa, vidogo kuliko punje ya mchele. Ndivyo sambaza wanavyovuliwa usiku. Samaki hao waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo picha hiyo inaonyesha ziwa ambalo mama yake mzazi hakulijua alipokuwa msichana.

Picha ikiuzwa bila maandishi, jina la aliyeitengeneza hupotea. Mfano upo. Mwaka 1926, huko Bukama, Katanga, ofisa Mbelgiji Georges Thiry aliona nyumba zenye kuta zilizochorwa, akawatafuta wachoraji na kuwapa karatasi na rangi za maji. Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu, alichora. Mkewe Antoinette alichora pia. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels, baadaye Geneva na Paris. Kisha mawasiliano na wachoraji hao yakakatika. Vitabu vinamweleza mume kwa kurasa na mke kwa mistari. Mwaka 2015 picha zao zilitundikwa tena Paris, katika maonyesho ya Beauté Congo ya Fondation Cartier, lakini mwisho wa maisha ya Antoinette haumo katika vitabu hivyo. Wajukuu wa Bukavu wana kalamu na simu, hawana udhuru.

Hasara ya namna hiyo imekwisha kuingia nyumbani. Oktoba 1996, Bukavu ilipotekwa vitani, familia ilikimbia na picha kadhaa zikabaki kwenye gunia chini ya kitanda. Waliporudi, gunia lilikuwapo, picha hazimo. Miaka ikapita, moja ikaonekana ukutani kwa mtu mmoja wa mtaa wa Nguba, naye akiwaambia wageni kwamba aliinunua ng'ambo ya Ruzizi. Marehemu aliitambua papo hapo: mwanamke aliyebeba kuni ana vidole sita mkono wa kushoto, kwa kuwa wembe uliteleza ukakipasua kidole kimoja, na msanii hakutaka kutupa gome zuri. Yeye alinyamaza. Mzee alidai, akaulizwa jina liko wapi. Karatasi ilipogeuzwa, nyuma yake hapakuwa na herufi hata moja.

Mengine ni mafupi. Shangazi amejifungua salama, na paa limezibwa. Kule Kampala kodi ya nyumba itangulie viatu. Mpakani, karatasi za safari zikae mkononi, si ndani ya mzigo. Binamu aliyeazima picha ya ng'ombe kwa ajili ya harusi yake anajijua. Harusi imekwisha zamani.

Lakini picha zisiuzwe. Zirudishwe Kadutu kabla ya siku ya safari, na kila moja iandikwe nyuma kwa kalamu ya risasi: jina kamili la marehemu, mahali, na mwaka kama watoto wake wanavyoukumbuka. Zipigwe picha kwa simu, kisha zifungwe mbali na unyevu, maana mvua za Bukavu hazina huruma na gome. Mjukuu ataruhusiwa kuchagua mbili za kwenda nazo. Ile ya mitumbwi haimo.