Kiti cha Mama Watoto

Nilipostaafu ualimu mkuu nilirudi Natta na msumeno, randa na patasi mbili. Niliazimia kumtengenezea mke wangu kiti kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikata mgrevilea uliokuwa nyuma ya nyumba, nikapasua mbao, na baada ya wiki tatu kiti kikawa tayari. Kilipendeza. Miezi miwili baadaye mguu ulichomoka, mama watoto akaanguka, akaumia mkono.

Nilikipeleka Mugumu kwa fundi mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani. Aliniamkia, akautikisa ulimi ndani ya tundu lake, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, mbao ilikuwa mbichi. Ikikauka husinyaa, ulimi ukalegea. Mbao ya inchi 1 ipange kivulini, weka vijiti katikati hewa ipite, uisubiri hata mwaka."

Nilinyamaza. Kijana huyu, kila alipokosa hesabu, nilimpeleka karakana, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Lakini mbele ya wageni nilihubiri Elimu ya Kujitegemea, ile ya mwaka 1967, kwamba kazi ya mikono ni heshima! Nilimwomba radhi. Akacheka. "Mwalimu, adhabu ile ndiyo inayolisha wanangu."

Jibu lile halikunifariji sana. Yeye alikuwa mmoja tu. Ni wangapi niliowahukumu wakingali wabichi?

Mbao zangu mpya sasa zina miezi minane kivulini. Mama watoto anakalia kigoda cha zamani, anasubiri, wala hanihimizi.